Kitufe cha Katikati

Bomba la uani lilikohoa, likanyamaza, kisha likaanza kutema maji ndani ya bidoni, dumu la maji, kwa kigugumizi. Orpha akafungua macho gizani. Maji ya Gasenyi, pembezoni mwa Bujumbura, huja yanapotaka yenyewe, na majuma yale yalipenda kuja kabla ya alfajiri, usingizi unapokuwa mtamu kuliko saa zote, ndiyo maana kila mwanamke wa ua ule alilala sikio moja likiwa nje. Alimtoa binti yake Joëlla mkononi mwake taratibu, akamfunika kitenge hadi kidevuni, akatoka uani.

Alikuwa na sababu nyingine ya kuamka. Saa kama ile mtandao ulikuwa mwepesi. Mchana mji mzima uliuvuta, kila mtu upande wake, na barua pepe za kazini zikakwama njiani. Alfajiri ulikuwa kama barabara isiyo na magari. Akachuchumaa kando ya bidoni, akawasha simu, akavuta kioo kwa kidole kuelekea chini. Kiduara kikazunguka. Kikazunguka tena. Halafu barua zikaanza kushuka, na katikati yake ikashuka moja yenye kisanduku cha buluu, na ndani ya kisanduku jina la Bader.

Akaisogeza simu karibu na uso.

Bader ndiye aliyekuwa mkubwa wa depo ya vigae ambako Orpha alifanya kazi. Wengi pale hawakuwahi kumwona kwa macho. Babu yake alifungua duka lile zamani, likiuza vitambaa na chumvi; yeye aliishi Muskati, Omani, na kuliendesha kutoka huko huko, kwa barua pepe na kalenda. Tangu aliposhika usukani alitoa amri kwamba kila mtu aweke barua pepe na kalenda ya kazi kwenye simu yake, hata walinzi. "Asiyekuwa kwenye kalenda hayuko kazini," aliandika. Watu wa depo walicheka sana, kisha wakaacha kucheka walipoona zamu zao zinapangwa humo humo.

Simu ya Orpha ilikuwa ya mtumba, na siku ya kuiunganisha ilikataa katakata. Ilibidi aende kwa Tajudini, mweka stoo, mtu wa mtaa wa Buyenzi, ambaye mdomo wake haukujua likizo.

"Leta iyo simu, mama Joëlla. Unaishika kama yai. Unangoja ianguliwe?"

"Imekataa mot de passe yangu, neno langu la siri, kaka Taju. Kila nikiandika inanifukuza."

"Ikufukuze we ni nani? Sogea." Akabonyeza, akabonyeza, akakunja uso. "Ee! Na mi inanifukuza. Ilikuwa ya nani kabla yako? Iko na kiburi cha mwenye nyumba."

Walihangaika nayo hadi wenzao walipomaliza kula. Mwisho Tajudini akagundua kwamba tarehe ya simu ilikuwa ya miaka mingi nyuma, na depo ilikuwa haiwezi kuzungumza na simu inayoishi zamani. Akaisahihisha. Papo hapo barua zikaingia, na nyuma yake kalenda, zamu zote za mwezi zikiwa zimejipanga kama vigae ukutani. Tajudini akamrudishia simu kwa mikono miwili.

"Sasa umekuwa mutu wa biro. Kuanzia kesho nakusalimia kwa Kifaransa."

Orpha hakuwa mtu wa biro, wa ofisini, bado. Alikuwa kibarua wa siku: kontena likifika anaitwa kuhesabu na kupiga chapa, lisipofika anakaa nyumbani. Ndiyo maana kisanduku cha buluu kilimfanya asahau maji. Kilisema kwa Kifaransa: mahojiano, nafasi ya msaidizi wa biro, kontra, yaani mkataba, ya kudumu, kwa video, Jumatatu saa tatu asubuhi. Chini yake palikuwa na vitufe vitatu. *Oui. Peut-être. Non.* Ndiyo, labda, hapana.

Alisoma, akasoma tena. Mashine hazikumtisha. Alisoma masomo ya jioni pale Ngagara, mimba ikiwa kubwa hadi inagusa meza ya kompyuta, na cheti akakipata. Alijua kupiga chapa bila kutazama vidole. Lakini vitufe hivi hakuna aliyemfundisha. Alichofundishwa ni barua: mkubwa akikuita unashukuru, unasema utafika, na mwisho unaweka *sauf imprévu*, yaani isipokuwa litokee la kutokea. Mwalimu alimkata alama yeyote aliyeisahau. Na kabla ya mwalimu kulikuwa na mama yake, ng'ambo ya ziwa kule Uvira, ambaye hajawahi hata siku moja kusema kesho naenda sokoni bila kuongeza Mungu akipenda. Kwake, kuiacha ilikuwa kama kumpokonya Mungu kitu mkononi.

Na kulikuwa na Anselme. Anselme, baba yake Joëlla, alipanda pikipiki asubuhi moja akasema, "Mchana nakula hapa." Basi. Hakuongeza neno. Jioni walimleta amefunikwa turubai. Tangu siku ile kinywa cha Orpha hakikuweza kuitaja kesho peke yake, bila mtu wa kuisindikiza.

Akaiangalia *oui*. Kwake ilikuwa kama mtu anayejigamba mbele ya wakwe. *Non* ilikuwa uongo mtupu. Katikati ilikaa *peut-être*, pole, yenye adabu, kama ndiyo iliyoinamisha kichwa. Naam, nitafika, Mungu akinipa uzima. Akaigusa. Simu ikaandika kwamba jibu limetumwa, na hakikubaki kitufe chochote cha kugusa.

"Mama Joëlla, we! Maji inamwagika!" jirani akaita kutoka gizani. "Ama unataka kufuga ndagala wa ziwani hapa uani?"

Orpha akacheka, akavuta bidoni, akacheka tena peke yake. Ilikuwa siku nyingi hajacheka.

*

Aliyeijua maana ya nafasi ile kuliko wote alikuwa wifi yake Odette.

Odette, dada mkubwa wa marehemu Anselme, aliishi Rumonge, mji wa kusini kando ya ziwa, kwenye nyumba yenye sakafu ya saruji, akiuza mawese. Matanga yalipoondolewa, ukoo ulikaa chini na mchungaji akiwepo, mambo yakazungumzwa kwa upole. Mtoto ni wa watu wa baba yake. Hilo hakuna aliyelibishia. Lakini mama yake anampenda, na bado ni mdogo. Basi Joëlla abaki na mama yake hadi shule zifunguliwe. Wakati huo ukifika, kama Orpha ana kazi ya kontra, yenye saa zake na mshahara wake wa mwezi, mtoto akae Bujumbura asome. Kama bado anaitwa leo na kuachwa kesho, huku mtoto anazungushwa kwa majirani kama sufuria ya kuazima, ataenda Rumonge. Orpha aliitika mwenyewe, kwa mdomo wake. Siku ile shule zilionekana mbali.

Jumapili, baada ya kanisa, Odette alipiga simu.

"Wifi, iyo kazi imefikia wapi?"

"Kesho naulizwa maswali, Mungu akipenda."

"Haya. Mi sikuombei mabaya, unajua."

"Najua, wifi."

"Lakini iniforme ya shule nimeshashonesha."

Orpha akageuka. Joëlla alikuwa mlangoni akimsuka nywele mdoli wa maganda ya mahindi, akimkemea atulie.

"Fundi anakuwa na kazi mingi mwisho wa likizo," Odette akasema, sasa kwa sauti ya chini. "Ukipata iyo nafasi, nitaiuza. Iniforme aiozi."

"Nitapata," Orpha akasema, kisha haraka haraka, "Mungu akipenda."

*

Jumatatu hapakuwa na mafuta mjini, magari yalilala kwenye foleni tangu juzi yake, kwa hiyo alitembea. Alifunga kitenge juu ya sketi ili vumbi lisimwingie, akakata mji mzima kwa miguu, akirudia kichwani majibu yake ya Kifaransa. Mama Ruqaya alikuwa ameshamfungulia ofisi yake.

Mama Ruqaya ndiye aliyesimamia depo hapa Bujumbura. Alikuwa binamu wa Bader, mkubwa kwake kwa umri wa kuweza kumzaa, na yeye ndiye aliyempigia Bader kelele hadi akaliweka jina la Orpha kati ya watu watatu wa kuhojiwa. Alifuta meza kwa ncha ya mtandio wake, akapanga vigae vya sampuli viwe kama ukuta mdogo, akaegemeza simu ya Orpha juu yake.

"Kaa wima, mwanangu. Akikuuliza unajua kompyuta, usimwambie 'kidogo kidogo' kama ulivyoniambia mimi. Sema unajua."

"Ndiyo, mama."

"Na cheka kidogo. Huko kwao watu wanapenda meno."

Orpha akacheka, akaifungua kalenda ili abonyeze kisanduku cha buluu na kuingia kwenye video.

Kisanduku hakikuwepo.

Jumatatu ilikuwa nyeupe tangu juu hadi chini. Akafunga, akafungua. Akavuta kioo kuelekea chini, kiduara kikazunguka, kikaondoka, na Jumatatu ikabaki nyeupe vile vile. Akamwonyesha Mama Ruqaya.

"Mtandao," Mama Ruqaya akasema. "Mwite Taju."

Tajudini akaja mbio, kalamu sikioni. Safari hii hakutania. Alizima simu, akaiwasha. Akaipa mtandao wa simu yake mwenyewe. Akatoka nayo hadi barabarani, akaiinua juu kama anayemwonyesha mtu kitu kilicho mbali, akarudi. Saa tatu ikafika. Ikapita. Orpha alibaki amekaa wima mbele ya ukuta wa vigae, akiogopa kujikunja, kana kwamba Bader angeweza kumwona hata hivyo.

"Nafuta kila kitu, naunganisha upya," Tajudini akasema. "Mara ya kwanza ilikubali, itakubali."

Akafuta. Akaandika anwani, akaandika neno la siri, safari hii simu haikumfukuza mtu. Barua zote zikarudi. Zamu zote zikarudi, hata lile tangazo la zamani la kuwakataza walinzi kupika chai kwenye stoo. Kila kitu cha depo kilishuka ndani ya simu ile kikiwa kamili. Jumatatu, saa tatu, hapakushuka kitu.

Tajudini akaiweka simu mezani.

"Mama Joëlla, simu iko sawa."

"Haiko sawa, kaka. Angalia."

"Iko sawa. Inaonyesha kitu iko kule." Akajikuna shingo. "Ni kule ndiyo akuna kitu."

Orpha alitamani simu ingekuwa mbovu. Alitamani ingepasuka mbele yao, ikatoa moshi, aseme mnaona? Simu ilikaa kimya, inang'aa, mtandao umejaa.

Mama Ruqaya hakungoja. Alipiga Muskati kwa simu yake, akaiweka sauti ya kusikiwa na wote.

"Bader, mtoto wa watu anakungoja hapa tangu asubuhi."

"Assalamu alaykum kwanza, dada Ruqaya. Mtoto gani?"

"Orpha."

"Orpha?" Vikasikika vidole vikigonga kompyuta. "Orpha alijibu labda. Nilialika watu watatu, wawili wakasema ndiyo, yeye akasema labda. Sasa mimi nitampa nafasi mtu ambaye bado anafikiri? Nilimtoa ili wengine wapate muda. Nimetoka kuongea na Sylvère, yule kijana wa Mutanga Sud. Mzuri. Nimeshampa."

Mama Ruqaya akamgeukia Orpha. "Ulibonyeza labda?"

"Nilisema Mungu akinipa uzima," Orpha akajibu, sauti haifiki mbali. "Ndicho nilichosema, mama."

Mama Ruqaya akafumba macho kidogo, kisha akairudia simu kwa ukali. "Bader, hakuwa anafikiri! Ile ni adabu. Ni sawa na inshallah. We mwenyewe usipoisema huvai hata kandambili."

Bader akacheka, kicheko cha mtu mwema. "Kweli. Lakini iyo ni ya mdomo, dada. Kwenye kalenda, labda ni labda."

"Basi mwambie huyo Sylvère angoje."

"Barua imeshaenda, na ameshatia sahihi. Nimnyang'anye? Babu angesema nini?"

Hapo Mama Ruqaya akaacha kubishana, kwa kuwa nyumba yao, toka enzi za chumvi, haikujulikana kwa kurudi nyuma katika lililokwisha kutamkwa. Orpha akainama juu ya simu.

"Bosi, mi nilikuwa nakuja," akasema. "Nimekuja. Niko hapa."



"Pole, Orpha. Dada anakusifu sana. Mwaka ujao tutaona, inshallah."

Mama Ruqaya alikata simu bila kuaga. Akaanza kuvishusha vigae vya sampuli, kimoja kimoja, akivirudisha kwenye boksi bila kumtazama mtu. "Kontena zikija nitakuita wewe wa kwanza," akasema. "Kila kontena, wallahi." Orpha alishukuru. Kontena siku hizo zilikuwa zinachelewa Dar es Salaam hadi watu wanazisahau.

Tajudini alimsindikiza hadi getini.

"Ningekuambia," akasema. "Mi nabonyeza oui kila kitu, sisomi. Juzi nimekubali mukutano ya wamama wanaonyonyesha."

Orpha akacheka. Kicheko kilitoka kizuri kabisa, kisha katikati ya njia kikageuka, na Tajudini akasimama pale amemzibia watu kwa mgongo wake mpana mpaka alipomaliza kujifuta uso.

*

Odette hakusimanga. "Pole sana, wifi," alisema tu. "Nitakuja kumuchukua mwenyewe. Simutumi mutu."

Siku ya Odette kuja, Orpha aliamka na kumwogesha Joëlla kwa maji ya moto, akamsugua magoti, akampaka mafuta hadi akang'aa. Alimsuka mistari midogo midogo, kwa makusudi, ili ikae muda mrefu kabla mkono wa mtu mwingine haujaifumua. Joëlla aliuliza kama Rumonge kuna bomba. Lipo. Na linakohoa? Orpha hakujua. Na watoto wapo? Wapo, wengi, na ziwa liko karibu na mlango, lakini usiende peke yako.

"Mi nitaenda na shangazi."

"Ndiyo. Na shangazi."

"Na we unabaki na mudoli, asilie."

"Nitabaki naye."

Nguo za mtoto hazikujaza hata nusu ya mfuko. Orpha alizikunja, akazikunjua, akazikunja tena ndogo zaidi, kana kwamba kungekuwa na haja ya nafasi. Aliingiza sabuni. Aliingiza kitenge walicholalia, akakitoa, akakinusa, akakirudisha mfukoni. Alimfundisha wimbo wa namba ya simu ya mama, tarakimu kwa tarakimu, na Joëlla akaukosea mahali pale pale kila mara, wakaanza upya. Labda ataushika. Watoto wanashika mambo wakiwa wanacheza, wewe ukiwa umeshakata tamaa. Na likizo ya Noeli si mbali sana, Orpha alijiambia, na mafuta yanaweza kurudi, na Sylvère naye anaweza kupata kazi nzuri zaidi mahali pengine, vijana wa namna ile, wa mitaa ya wenye pesa, hawakai. Alijiambia hivyo akiwa anafunga mfuko, na mikono yake haikuamini.

Simu ikalia juu ya kitanda. Kalenda ya kazi. Kisanduku cha buluu kutoka Muskati: Jumatatu, kumwonyesha Sylvère kazi ya biro, siku moja ya kibarua, mwalimu Orpha. Vitufe vitatu chini yake.

Alisimama akivitazama. Kisha akabonyeza *oui*, kwa nguvu, hadi ncha ya kidole ikawa nyeupe. Simu ikajibu mara moja. Kila kitu kilikuwa kimeunganishwa vizuri. Muskati wakajua kabla hajashusha pumzi. Jumatatu ikajaa.

Getini pakabishwa hodi. Jirani akaitikia, na sauti ya Odette ikasikika ikisalimia watu wa uani, ikiuliza habari za maji, ikipumua kwa uchovu wa njia. Orpha alikaa kitandani na mfuko mapajani. Alijua kwamba anapaswa kuinuka, amkaribishe wifi yake, ampe maji ya kunywa, amwulize safari ilikuwaje. Akaukumbatia mfuko. Hatua zikasogea ukutani, zikafika karibu na mlango, na Joëlla akaja akasimama mbele ya mama yake, nywele zinang'aa, uso umejaa furaha ya safari.

"Mama, mi nimeshavaa viatu."